SOMO LA TANO: MKAA NA GESI ZAKE

Leo tutajifunza juu ya kaboni. Kila mmoja na atazame kipande cha mkaa.

Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyatia moto. Kwa kuwa hewa ni haba, magogo hayageuki majivu. Maji na moshi hutoka. Kinachobaki ni mkaa mweusi, nao karibu wote ni kaboni.

Sasa washa mkaa huo katika jiko. Kaboni huungana na oksijeni iliyomo hewani. Hewa ikiwa tele, kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni. Hiyo ni kaboni dayoksaidi, gesi ile ile tuitoayo tunapopumua. Hewa isipotosha, kaboni hupata chembe moja tu ya oksijeni. Hiyo ni kaboni monoksaidi, nayo ni sumu.

Sumu hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuishika kwa nguvu zipitazo zile za oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, na mwisho huzimia. Aliyelala huenda asiamke tena.

Basi, usilale na jiko la mkaa chumbani, hata usiku wa baridi, hata kama makaa hayatoi moshi. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe nje upesi, mpeleke hospitali.

Swali la kujibu darasani: Kwa nini makaa yasiyotoa moshi yaweza kuua?