Je, Wajua? Wageni wa Novemba katika Hori ya Mida

Novemba, wakati Siberia imekwisha kuganda, hori ya Mida karibu na Watamu, pwani ya Kenya, hujaa ndege. Ukitaka kuwaona vizuri, fuata maji. Fika yakianza kujaa, kwani kadiri yanavyofunika tope ndivyo ndege wanavyosogea upande wa mikoko, karibu kabisa na ulipo.

Je, wajua kuwa ndege mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, hana ndugu? Wataalamu wamempa familia yake peke yake. Huzaliana kati ya Aprili na Agosti katika fukwe za Oman, Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Sham na Somalia. Huko huchimba shimo refu mchangani na kutaga, kwa kawaida, yai moja tu. Ni jeupe, halina madoa ya kulificha, maana ndani ya shimo ni giza. Joto la mchanga humsaidia kulitamia, hivyo mzazi aweza kuliacha kwa muda mrefu akatafute riziki. Mwangalie hapa Mida akila: kaa mdogo humezwa mzima, mkubwa hupigwa kwa mdomo mpaka avunjike. Pembeni yake mara nyingi husimama kinda wa mwaka huu, wa kijivu, akipiga mbinja kuomba chakula. Amevuka bahari na bado analishwa!

Je, wajua kuwa kitwitwi hahitaji kumwona mnyoo ili amle? Ncha ya mdomo wake imejaa neva zinazohisi windo ndani ya tope. Ndiyo maana maji yakipwa usiku, yeye huendelea kula.

Na safari zao? Oktoba 2022, ndege mmoja wa jamii ya vitwitwi, mwenye umri wa miezi 5 tu, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Chombo kidogo alichofungwa kilituma habari zake kwa setilaiti. Petroli yake ilikuwa mafuta ya mwilini.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwakuta ufukweni wamejipanga wakisubiri maji yapwe, tafadhali usiwakimbize kwa ajili ya picha, na mbwa wako mfunge. Kila wanaporushwa hupoteza mafuta, na mafuta hayo ndiyo yatakayowarudisha kaskazini ifikapo Aprili.