Sambusa ya Goma yakaangwa kwa mafuta ya Asia, mawese ya Walikale yabaki msituni

Mjini Goma, mtu mwenye hamu ya chakula cha Kihindi hahitaji kwenda mbali wala kuvaa nguo ya sherehe. Chapati iko Birere, sambusa iko soko la Virunga, na pilau inapakuliwa katika restora ndogo za mbao ambako wasafiri hula haraka kabla gari halijaondoka. Kando ya ziwa, upande wa Himbi, menyu za hoteli ni ndefu zaidi na bei ni ya dola: kari ya kuku, tambi, wali wa kukaanga wa Kichina. Huko ndiko walikokuwa wakila wafanyakazi wa mashirika na maafisa wa Umoja wa Mataifa, kabla wengi wao hawajaondoka mwishoni mwa Januari 2025, kundi la M23 lilipoingia mjini.

Kwa wakaaji wa Masisi na Walikale, jina la chakula si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kile kilichomo ndani ya sahani na mahali kilipotoka. Kiazi kilichojazwa ndani ya sambusa, kitunguu, maharagi, nyama ya ng'ombe, hivyo kwa miaka mingi vilishuka kutoka milima ya Masisi. Mawese, ndizi, muhogo na mpunga ni mali ya misitu ya Walikale. Wilaya hizi mbili zingeweza kujaza sahani nzima ya restora ya Goma, isipokuwa chumvi na unga wa ngano.

Lakini mchele unaoliwa Goma mara nyingi umefungwa katika magunia yenye maandishi ya Pakistan, India, Vietnam au Thailand, ukishindana na ule wa Tanzania. Mafuta ya kukaangia yako katika bidoni za njano zilizopita Mombasa. Jina la sambusa ni la Asia, na sasa hata vilivyomo ndani yake vinazidi kuwa vya Asia, wakati mkulima wa Masisi na mkamuaji wa mawese wa Walikale wanakosa njia ya kufikisha mali yao sokoni.

Chakula cha wageni kilivyokuwa cha wenyeji

Hakuna mtu Goma anayeiona chapati kuwa chakula cha kigeni, na hilo halishangazi. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wengi walirudi kwao, wengine walibaki, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara waliofungua maduka Kampala, Bujumbura, Bukavu na kwingineko. Chapati ilitembea na maduka hayo.

Mpunga ulikuja kwa njia nyingine, na ulitangulia. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika Maniema, ikaweka makao Nyangwe na Kasongo, na watu wa Tippu Tip wakalima mpunga kwenye mabonde ya huko. Walikale inapakana na Maniema. Kwa hiyo mzee wa Walikale anayesema kwamba mchele ni chakula cha babu zake hasemi uongo, ingawa babu wa babu zake alikula ndizi. Na ndizi nayo, mtu akitaka kwenda mbali zaidi, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ilifika Afrika maelfu ya miaka iliyopita. Wanywaji wa kasiksi wasikasirike.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni ziingie mikononi mwa Wazaire. Wahindi, Wapakistani, Wagiriki na Wareno walipoteza maduka yao, nao waliokabidhiwa mengi ya maduka hayo waliyamaliza kwa muda mfupi. Wageni wakapungua, chapati ikabaki.

Miaka thelathini baadaye Wahindi walirudi wakiwa na kofia za bluu. Kuanzia mwisho wa 2004 brigedi ya India ndiyo iliyopewa Kivu ya Kaskazini katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUC wakati huo, baadaye MONUSCO. Kambi zao zilikuwa Goma, na pia Masisi, Kitchanga, Nyabiondo, hadi Walikale. Hapo palikuwa na jambo la kuchekesha kidogo: wanajeshi ambao wengi wao ni Wahindu, wasiokula nyama ya ng'ombe, waliwekwa kulinda wilaya ambayo utajiri wake mkubwa ni ng'ombe. Vijana wa Masisi walijifunza kusema "namaste", wanajeshi wakajifunza "jambo" na "bei gani". Kuhusu kama raia walilindwa ipasavyo, wakaaji wa Walikale wana maoni makali, hasa tangu ubakaji wa mamia ya watu huko Luvungi na vijiji jirani mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2010, si mbali sana na kambi ya kofia za bluu.

Bidoni iliyozunguka dunia

Katika sufuria ya mkaanga sambusa, kitu chenye historia ndefu kuliko vyote ni mafuta. Mchikichi ni mti wa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Ni mti wa msituni kwetu. Mwaka 1848 Waholanzi walipanda miche minne katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na kutoka kwenye miche hiyo na mingine iliyofuata yakatokea mashamba makubwa ya Indonesia na Malaysia. Wakati Kongo inapata uhuru mwaka 1960, ilikuwa bado miongoni mwa nchi zinazouza mawese mengi zaidi duniani. Leo nchi hizo mbili za Asia ndizo zinazotoa sehemu kubwa kabisa ya mawese yote yanayouzwa ulimwenguni, na Kongo inanunua.

Mafuta hayo hufika Mombasa kwa meli, mengi husafishwa katika viwanda vya Kenya na Uganda, halafu hupakiwa kwenye malori hadi mpaka wa Goma. Mchikichi wa Walikale uko karibu zaidi, lakini ukaribu wa kwenye ramani hausafirishi bidoni. Kutoka Mombasa hadi Goma kuna lami karibu njia yote. Kutoka Walikale-centre hadi Goma, kupitia Nyabiondo, Masisi-centre na Sake, kuna matope, madaraja yaliyooza na watu wenye bunduki wanaodai pesa kwenye vizuizi. Kwa miaka mingi gari halikuweza kupita barabara hiyo yote bila kukwama. Mkamuaji wa Walikale hupika ngazi zake, hutwanga, hukamua, na mwisho mafuta huuzwa hapo hapo kijijini kwa bei anayotaka mnunuzi.

Mtu akisema Walikale haina njia, hasemi kweli yote. Njia ya madini ilipatikana. Kilambo, karibu na Mubi, kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa uwanja wa ndege. Ndege ndogo zilitua katikati ya barabara, zikapakia kasiterite, zikarudi Goma. Zilipokuja zilileta bia, sabuni, chumvi na mchele. Mchele, katika wilaya inayolima mpunga! Na sehemu ya kasiterite ya mashariki mwa Kongo ilienda hadi Thailand: kampuni ya Thaisarco, yenye kiwanda cha kuyeyusha bati Phuket, ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa hadi iliposimamisha ununuzi huo mwaka 2009. Mawe yalikwenda Thailand, na gunia la mchele lenye jina la Thailand likauzwa Goma.

Walikale ina ukubwa wa kilomita za mraba 23,475, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, hata ule mlango mdogo wa Kilambo ulikosa mji wa kwenda.

Masisi, ghala lililofungwa

Kwa Masisi hadithi ni nyingine, kwa sababu Masisi ilikuwa na barabara, mbaya lakini inapitika. Masisi-centre iko yapata kilomita 80 kutoka Goma. Malori yaliyobeba magunia ya viazi na watu juu yake yalishuka Sake, na kutoka hapo chukudu na pikipiki zikamalizia kazi. Mama wa restora alijua siku ya soko ya Kitchanga kama anavyojua siku ya ibada.

Mambo yalianza kukatika kipande kwa kipande. Mwishoni mwa Oktoba 2022 barabara ya Rutshuru ilifungwa. Januari 2023 Kitchanga ilichukuliwa. Februari 2024 mapigano yalifika milima iliyo juu ya Sake, na barabara ya Minova ikakatwa Shasha. Goma ikabaki na ziwa tu. Maharagi na viazi vya Masisi kusini na vya Kalehe vilipelekwa Minova, vikapakiwa kwenye maboti pamoja na watu, hadi bandari ndogo ya Kituku. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyoitwa Merdi, iliyojaa kupita kiasi, ilizama ikiwa karibu kabisa kutia nanga Kituku. Watu waliokuwa pwani wakiisubiri waliona kwa macho yao. Makumi ya watu walikufa, miongoni mwao wafanyabiashara wa kike waliokuwa wakileta chakula mjini.

Hiyo ndiyo bei ya maharagi ambayo haiandikwi kwenye ubao wa restora.

Tarehe 4 Januari 2025 Masisi-centre iliangukia mikononi mwa M23, tarehe 21 Minova, siku chache baadaye Sake, kisha Goma. Barabara ya Sake ilifunguliwa tena, na mazao kidogo yakaanza kushuka. Lakini mkulima hawezi kuvuna alichokuwa hakupanda. Misimu ya kilimo Masisi ni miwili: mbegu huingia ardhini Septemba, na tena Februari au Machi. Maelfu ya wakulima walipitisha misimu hiyo chini ya hema za plastiki Bulengo, Rusayo na Lushagala, wakipanga mstari kupokea unga na mafuta ya msaada. Mtu aliyeuza maharagi Goma akawa anapokea maharagi Goma. Februari 2025 kambi hizo zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi kwao. Wengine walikuta mashamba yamekuwa vichaka, ng'ombe wameliwa, na nyumba hazina mabati.

Chapati inapokuwa ndogo

Mjini, banki zilifunga milango tangu kuingia kwa M23, na pesa taslimu ikawa adimu kuliko nyama. Noti za faranga zilizochakaa zilianza kukataliwa sokoni. Katika hali hiyo mama chapati hana njia nyingi. Akiongeza bei, mteja wake, ambaye ni mwendesha pikipiki au mbeba mizigo, ataondoka. Kwa hiyo hupunguza donge la unga. Bei inabaki ile ile, chapati inakuwa nyembamba, na wote wawili wanajua bila kusema. Kwenye sambusa, nyama huwa wa kwanza kutoka, kiazi huchukua nafasi yake, na kiazi kikipanda bei, hewa huchukua nafasi ya kiazi.

Mchele wa nje ndio unaoziokoa restora hizi, na si haki kuulaumu. Unafika, unapikika haraka, hauna mawe mengi, na kilo moja inajaza matumbo. Bila huo, watoto wengi wa Goma wangelala njaa katika miezi ile ya 2024 na 2025. Ila kila mwaka restora ikizoea gunia la Karachi, inakuwa vigumu zaidi kwa mpunga wa Walikale kurudi mezani, hata siku barabara itakapotengenezwa. Mpishi huzoea punje ndefu, mteja huzoea weupe wake, na mchele mfupi wa nyumbani huonekana wa kishamba.

Bidhaa moja ya Masisi imesumbuka kidogo kuliko nyingine, nayo ni jibini. Wamisionari wa Ulaya ndio walioleta ufundi huo milimani, na wafugaji wakauchukua. Maziwa mabichi hayawezi kusubiri kwenye kizuizi kwa siku mbili. Jibini linaweza, tena linazidi kukomaa. Linashuka Goma mgongoni mwa mtu au kwenye pikipiki, duara moja moja, na kuuzwa barabarani. Wahindi nao wana jibini lao, paneer, linalogandishwa kwa ndimu na kuliwa bila kukomazwa. Kwenye kikaango haliyeyuki kama la Masisi. Mpishi wa hoteli mwenye akili angejaribu kufanya paneer kwa maziwa ya Masisi, ndimu zipo, lakini wateja wa kuagiza sahani hiyo walishapanda ndege.

Walikale-centre nayo ilichukuliwa na M23 tarehe 19 Machi 2025. Kampuni ya Alphamin, inayochimba bati Bisie katika wilaya hiyo, ilikuwa imesimamisha kazi siku chache kabla. Mwanzoni mwa Aprili wapiganaji waliondoka mjini, wakaaji wakaanza kutoka msituni walikokuwa wamejificha, na katika mwezi huo huo mgodi ukatangaza kwamba unarudi kazini. Barabara ya kuelekea Masisi ilibaki kama ilivyokuwa, na bidoni za mawese zikaendelea kuuzwa kando ya nyumba, kwa mnunuzi yeyote atakayepita kwa miguu.