Matibabu ni Bure, Lakini Nani Analipa?

Hali ya huduma za afya na ustawi wa jamii kwa wafanyakazi wa Jinja na Busoga



Mkata miwa mmoja, kijana aliyetoka West Nile kutafuta kazi upande wetu wa Busoga, alijikata mguu kwa panga karibu saa tatu asubuhi. Wenzake walimfunga kwa shati, wakampakia kwenye bodaboda mpaka zahanati ya shamba. Mlinzi wa getini akaomba kadi. Kijana hakuwa na kadi, kwa sababu hakuandikwa na kampuni bali na mkandarasi anayeleta watu wa kukata. Bodaboda ikageuza, ikaenda kituo cha afya cha Serikali. Huko muuguzi alikuwa peke yake, na foleni ya akina mama wenye watoto wa homa ilifika nje. Alimwosha kijana kidonda vizuri, sina la kumlaumu. Kisha akaandika kwenye kikaratasi: uzi wa kushonea, glavu, sindano ya pepopunda, dawa ya kuua vijidudu. Vyote vikanunuliwa duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, kwa fedha walizochanga wakata miwa wenzake.

Sasa mtu atauliza: je, matibabu ya Serikali si bure tangu 2001? Ndiyo, ni bure. Na shamba, je, halina zahanati? Linayo. Kijana huyu alipita kwenye milango miwili, na bado gharama ikaangukia mifuko ya vibarua. Inafaa tueleze jinsi jambo hili linavyotokea, ili kila mmoja wetu ajue adai nini, na amdai nani.

Jinja ni mji wa kazi. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda vilifuata umeme: cha nguo, cha kuyeyusha shaba, na vingine. Nyumba za Walukuba zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na kando ya mji mashamba ya miwa yalikuwa na kambi zake, shule zake na zahanati zake. Desturi ya siku hizo ilikuwa kwamba mwajiri mkubwa ndiye anayempa mtu wake nyumba, posho na dawa. Hakufanya hivyo kwa huruma tu. Mgonjwa hakati miwa. Baada ya uhuru wa 1962 Serikali nayo ilijenga hospitali 22 za mashambani nchini kote, na mtu ambaye hakuwa na tajiri wa kumtibu alipata pa kwenda.

Kisha ukaja mwaka 1972. Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini, na pamoja nao wakaondoka madaktari, wenye viwanda na wenye maduka ya dawa. Viwanda vikalegea na mashamba yakaota magugu. Dawa za hospitali zikahamia kwenye magendo. Wazee wetu wanakumbuka mgonjwa kulazwa huku ndugu zake wakizunguka sokoni kutafuta vidonge vilivyotoka katika hospitali hiyo hiyo. Ilipofika miaka ya 1990 Serikali ilianzisha utaratibu wa kuchangia gharama, yaani mgonjwa analipa kidogo dirishani kabla ya kumwona mganga. Kile "kidogo" kiliwafungia wengi mlango. Machi 2001 malipo hayo yakafutwa katika vituo vyote vya Serikali, isipokuwa wodi za kulipia kwenye hospitali. Watu walijaa vituoni, hasa maskini, na hilo lenyewe linaonyesha ni wangapi waliokuwa wakiugulia nyumbani.

Lakini kufuta malipo ni jambo moja, na kujaza kabati la dawa ni jambo jingine. Mwaka huo huo wa 2001, mwezi wa Aprili, nchi za Afrika zilikubaliana huko Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kwetu, kwa miaka mingi, fungu hilo limebaki chini ya asilimia 10.

Ni vizuri kujua ngazi za vituo, kwani wengi hupoteza siku nzima kwa kwenda pasipo pao. Kijijini kuna wahudumu wa afya wa kujitolea. Kwenye muluka kuna kituo cha daraja la pili, ambacho hutibu maradhi ya kawaida na kutoa chanjo. Kwenye gombolola kuna daraja la tatu, lenye chumba cha kuzalia na maabara. Daraja la nne, kama Bugembe, Buwenge au Walukuba, linapaswa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji, ili mama aliyeshindwa kujifungua asisafirishwe mbali. Juu yake ni hospitali ya wilaya, kama Iganga, na juu kabisa hospitali ya rufaa ya Jinja, inayohudumia wilaya zote za Busoga. Vilevile kuna hospitali za misheni, kama Buluba na Kamuli, ambazo hutoza malipo. Mpango huu ni mzuri ukiuona ukutani. Taabu huanza pale daraja la nne linapokosa mtu wa kutia usingizi, au mafuta ya gari la wagonjwa. Hapo kila mzazi mgumu hupelekwa Jinja, na Jinja nayo huelemewa.

Na dawa je? Tangu mwaka wa fedha 2009/10, fedha za dawa za vituo vya Serikali hupitia Bohari Kuu ya Dawa ya taifa, na vidonge hupigwa muhuri wa Serikali ili visiuzwe. Muhuri umesaidia, mwizi sasa anajulikana kwa mali aliyoshika. Dawa huletwa kila baada ya miezi miwili. Kituo cha daraja la nne na hospitali huagiza kulingana na mahitaji yake. Bali kituo cha daraja la pili na la tatu hupokea sanduku lililokwisha kupangwa, karibu sawa na la mwenzake. Hapa ndipo mashamba yetu yanapoumia. Sanduku halijui kwamba msimu wa kukata umeleta mamia ya watu kutoka Arua, Gulu na ng'ambo ya mpaka, watu ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kuelewana, na ndiyo maana ukurasa huu upo. Wala halijui kwamba mvua zimenyesha na malaria imepanda. Wiki ya tatu au ya nne dawa mseto ya malaria imekwisha, huku chupa za dawa nyingine zikingoja rafuni mpaka zipitwe na tarehe. Mgonjwa akiambiwa "dawa hakuna" hudhani muuguzi ameiba. Pengine ameiba; tusifiche. Lakini mara nyingi dawa imekwisha kweli, na muuguzi huyo huyo ndiye anayetukanwa. Naye ni mfanyakazi kama sisi. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha mshahara wa daktari hadi shilingi milioni 5 kwa mwezi, lakini daktari mmoja bila wasaidizi na bila glavu hawezi kuzalisha.

Jambo la karibuni zaidi linawahusu wenzetu wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI. Kwa miaka mingi kliniki zao ziliendeshwa kwa msaada mkubwa wa Marekani. Januari 2025 misaada hiyo ilisimamishwa ghafla; washauri na wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi wakaachishwa kazi. Februari ya mwaka huo Wizara ya Afya iliagiza kliniki za UKIMWI na kifua kikuu ziunganishwe na matibabu ya kawaida ya wagonjwa wa nje. Kwa hiyo mtu aliyezoea kuingia mlango wake, akachukua dawa na kurudi kazini kabla ya saa nne, sasa anapanga foleni moja na wenye homa na kikohozi. Kwa mwenye mshahara wa mwezi hiyo ni usumbufu. Kwa anayelipwa kwa kipande ni siku isiyo na chakula. Tumesikia wanaosema afadhali waruke mwezi mmoja. Ndugu zangu, kuruka ndiko kunakowapa virusi nafasi ya kuizoea dawa. Mgonjwa ambaye hali yake ni imara anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mara moja. Muulize mhudumu wako jambo hilo, na umweleze waziwazi kwamba unafanya kazi ya kipande.

Turudi kwenye mlango wa mwajiri. Zahanati ya shamba si mali ya umma. Inamtibu yule ambaye mapatano ya pamoja yamemtaja. Kila tawi lifungue mapatano yake na kusoma: mke au mume yumo? Watoto wangapi? Aliyestaafu yumo? Na watu wa mkandarasi, je? Waajiri wengi wamehamishia ukataji, upakiaji na upaliliaji kwa wakandarasi, na katika uhamisho huo kadi ya matibabu imepotea njiani pasipo mtu kutangaza kwamba imefutwa. Mnyapara ni yule yule na miwa ni ile ile, lakini kwenye karatasi wewe ni mtu wa mwingine.

Hata hivyo sheria haikumwacha mtu wa mkandarasi mikono mitupu. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Akiendelea mfululizo kupita hapo, anastahili mkataba wa maandishi, na si kibarua tena. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mfanyakazi aliyetimiza angalau mwezi mmoja kazini, akiugua, hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi amempa mwajiri habari na, akitakiwa, alete cheti cha mganga. Ni baada ya mwezi wa pili ndipo mwajiri anaweza kumwachisha kwa sababu ya ugonjwa huo. Mama mzazi ana siku 60 za kazi zenye mshahara kamili, na baba ana siku 4. Kwa ajali ya kazini ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, ambayo inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya majeruhi pamoja na fidia. Lakini fidia hudaiwa kwa ushahidi. Mwajiri aarifiwe mapema, kwa maandishi, nakala ibaki kwako, na nyingine ifike kwa Afisa wa Kazi wa wilaya. Kile kikaratasi cha muuguzi na risiti za duka la dawa visitupwe.

Wapo wanaosema bima ya afya ya taifa ingemaliza haya yote. Bunge lilipitisha muswada wake Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini, na haukuwa sheria. Kwa upande wangu sikuupenda wote, kwa kuwa mfanyakazi angekatwa sehemu kubwa kuliko anayochangia mwajiri. Bado ningependa tubishane juu ya kiwango cha makato kuliko kukaa bila bima yoyote.

Upande wa ustawi wa jamii hali ni nyembamba zaidi. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ni wa uzeeni, ingawa aliyepata ulemavu wa kumzuia kufanya kazi anaweza kudai mafao yake. Tangu marekebisho ya 2022 kila mwajiri anatakiwa kujiandikisha, hata mwenye mfanyakazi mmoja, kwa hiyo mkandarasi hana pa kujificha: asilimia 5 kutoka kwako na 10 kutoka kwake. Kwa wazee wasio na pensheni upo msaada wa Serikali wa shilingi 25,000 kwa mwezi. Ulianza 2010 katika wilaya chache, na ulipopanuliwa nchi nzima ulilenga wenye miaka 80 na zaidi. Ninaye jirani aliyefanya kazi ya kufuma nguo tangu ujana wake. Kitambulisho chake cha taifa kimeandikwa mwaka wa kuzaliwa ambao, ukiuhesabu, aliajiriwa akiwa mtoto wa miaka sita. Kwa kosa hilo la kalamu amekaa nje ya orodha. Wenye wazazi nyumbani watazame kitambulisho sasa, kabla mzee hajahitaji msaada.

Jambo moja wengi hatulijui: kila kituo cha afya cha Serikali kina kamati ya usimamizi yenye raia ndani yake. Kamati ina haki ya kujua dawa zilizoletwa na zilizotumika. Katika gombolola zenye mashamba, nusu ya foleni ni sisi na watoto wetu, lakini kwenye kamati nilizozijua sikumwona mkata miwa hata mmoja. Mwenyekiti wa tawi aende kwa mkuu wa gombolola aulize nafasi zinajazwaje na lini.

Kuhusu yule kijana: kidonda kilifunga baada ya wiki tatu. Aliporudi akichechemea, mkandarasi alimwambia nafasi yake imechukuliwa. Wenzake walishuhudia kwamba alikuwa amefanya kazi miezi sita mfululizo. Tawi limeandika barua mbili, moja kwa mkandarasi na moja kwa Afisa wa Kazi, zikiambatana na risiti za duka la dawa. Tarehe ya kusikilizwa bado haijatolewa.