Kwa nini shanti ya mtoto huziba?

Mama au mlezi, ikiwa mtoto wako mwenye kichwa kikubwa amewekewa shanti, ni vizuri ujue kwa nini inaweza kuziba.

Shanti ni mrija laini wa silikoni. Hutoa maji yaliyozidi kichwani na kuyapeleka tumboni, ambako mwili huyafyonza. Seli hazishiki silikoni kirahisi. Lakini mara tu mrija unapoingia mwilini, protini zilizomo kwenye maji ya ubongo hutanda juu yake kama utando mwembamba. Seli za ubongo na za kinga hujishikiza kwenye utando huo, na polepole zinaweza kuziba matundu madogo ya mrija. Bakteria wa kwenye ngozi nao wanaweza kunata hapo na kuleta maambukizi, hasa miezi ya mwanzo baada ya upasuaji.

Kwa hiyo shanti ikiziba si kosa lako, wala si kwa sababu ulimbeba mtoto vibaya.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, ukiona:

- anatapika mara kwa mara
- amelegea au analala kupita kawaida
- utosi umevimba au kichwa kinakua haraka
- macho yanaangalia chini tu
- anapata degedege
- ana homa, au ngozi juu ya mrija imekuwa nyekundu

Usisubiri tarehe ya kliniki. Homa na kutapika huweza kudhaniwa ni malaria tu, kwa hiyo sema tangu mapokezi: "Mtoto huyu ana shanti."