Miraba Minne ya Kujipima: Zana ya Wafanyabiashara Mikononi mwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga waliposema kwamba nyani haoni kundule, hawakuishia kumcheka nyani. Walikuwa wakieleza tatizo linalomkabili kila anayejaribu kujipima: jicho linalotazama limo katika mwili ule ule unaotazamwa. Mwanafunzi anayekaribia kuhitimu huijua hali hii vyema. Aulizwapo katika mahojiano ya kazi ataje udhaifu wake, aghalabu hujibu kwamba yeye hufanya kazi kupita kiasi, jibu ambalo halimdanganyi anayeuliza wala halimsaidii anayejibu. Katika ulimwengu wa biashara tatizo hili lilitafutiwa zana mapema, kwa kuwa kampuni isiyojijua hupoteza fedha, na fedha zikipotea hawakosekani watakaouliza zilikokwenda. Makala haya yanaeleza zana mojawapo kati ya hizo, inayofahamika kwa kifupisho SWOT, na namna mwanafunzi wa Kiswahili anavyoweza kuitumia kujitathmini pasi na kujihadaa.

Chimbuko la zana hii lina utata. Wengi humtaja Albert Humphrey, mtafiti aliyehusika na uchunguzi wa mipango ya kampuni kubwa za Marekani katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, jimboni California, katika miaka ya 1960. Wengine huwataja wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiwemo Kenneth Andrews, ambao katika kitabu chao cha mwaka 1965 walisisitiza kwamba kampuni haina budi kuoanisha uwezo wake wa ndani na hali ya soko iliyoko nje. Yamkini haina baba mmoja. La muhimu ni kwamba ilizaliwa miongoni mwa watu waliochoshwa na mipango ya kampuni iliyokuwa ikiandikwa kwa matumaini matupu.

Zana yenyewe ni nyepesi kiasi cha kutiliwa shaka. Karatasi moja hugawanywa katika miraba minne. Juu huandikwa nguvu upande wa kushoto na udhaifu upande wa kulia. Chini huandikwa fursa kushoto na vitisho kulia. Wepesi huo huwafanya wengi kuijaza kwa dakika kumi na kuisahau kwa miaka kumi. Hata hivyo, uzito wake haumo katika miraba bali katika mistari miwili inayoitenga. Mstari wa wima hutenganisha yanayofaa na yanayodhuru, na kila mtu huuelewa. Mstari wa mlalo ndio mgumu. Huo hutenganisha yaliyo ndani na yaliyo nje: nguvu na udhaifu ni vya mtu mwenyewe, ilhali fursa na vitisho huletwa na ulimwengu, apende asipende.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili anakumbana na jambo ambalo mwenzake wa kitivo cha biashara huenda asilione. Katika semina na warsha nyingi, mraba wa nne hauitwi vitisho. Huitwa changamoto. Neno hilo ni zuri na lina kazi yake. Maana yake ya msingi ni jambo linalomchochea mtu kutia bidii zaidi. Lakini katika matumizi ya kila siku limetanuka hadi likameza kila kitu kibaya. Barabara mbovu ni changamoto. Ufisadi ni changamoto. Kulala hadi saa tatu asubuhi siku ya mhadhara nako ni changamoto. Mtu anaposema ana changamoto ya muda, msikilizaji hawezi kujua kama kazi ni nyingi kupita uwezo wa binadamu au kama msemaji ni mvivu, na pengine msemaji mwenyewe hataki ijulikane. Kwa njia hiyo, neno moja lenye adabu linaufuta ule mstari wa mlalo, na mstari huo ukifutika zana nzima inageuka kuwa orodha ya malalamiko. Anayetaka kujipima kwa dhati afadhali aliweke neno changamoto kando kwa saa moja, achague kati ya udhaifu na kitisho, na avumilie ukali wa maneno hayo.

Lipo jaribio rahisi la kumsaidia kuchagua. Ajiulize: je, jambo hili lingekuwepo hata kama nisingezaliwa? Jibu likiwa ndiyo, jambo hilo ni la nje. Likiwa la, ni la ndani.

Uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa kubuni aliye katika mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu, somo lake kuu likiwa Kiswahili. Katika jaribio lake la kwanza anaandika kwamba nguvu zake ni kukipenda Kiswahili, bidii na nidhamu. Udhaifu wake ni uhaba wa ajira. Fursa yake ni kukua kwa Kiswahili. Kitisho chake ni changamoto ya muda. Karatasi imejaa, na hakuna kilichosemwa.

Uhaba wa ajira ungekuwepo hata kama hangezaliwa. Walimu waliohitimu nchini Kenya wamekuwa wakisubiri miaka mingi kabla ya kuajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, na hali hiyo haina uhusiano wowote na tabia ya mwanafunzi huyu. Basi inahamia katika mraba wa vitisho. Kwa upande mwingine, ile changamoto ya muda inapochunguzwa inabainika kuwa katika muhula uliopita aliwasilisha kazi tatu kati ya tano baada ya makataa, ilhali wenzake wa darasa lile lile waliwasilisha zao kwa wakati. Hiyo si changamoto. Ni udhaifu, na sasa una takwimu. Kukipenda Kiswahili nako si nguvu. Ni hisia, tena hisia anayoshiriki na kila aliyeketi naye katika ukumbi wa mihadhara. Nguvu ni kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa ushahidi: kwamba amehariri matoleo mawili ya jarida la chama, kwamba anazungumza Kidawida kwa ufasaha, na hivyo anaweza kutafsiri kutoka lugha hiyo hadi Kiswahili, kazi ambayo wachache wanaiweza. Cha kushangaza ni kwamba Kidawida hakikuwemo katika orodha yake ya kwanza. Alikuwa akikiona kama kitu cha nyumbani tu.

Mraba wa fursa ndio unaohitaji uangalifu mkubwa kwa wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu wamezoea kuujaza kwa habari njema za lugha yenyewe. Habari hizo ni za kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Mnamo Novemba 2021, UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022, Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi, na mwezi Julai mwaka huo Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Hayo husomwa katika makongamano na kupigiwa makofi, na yanastahili. Ila fursa ya lugha si fursa ya mtu. Uganda inapohitaji walimu wa Kiswahili, haimhitaji mwanafunzi huyu mpaka awe amejua masharti ya kufundisha huko, vyeti vinavyotambuliwa na mahali pa kupeleka barua. Katika biashara tofauti hii inaeleweka wazi: kukua kwa soko la maziwa si faida kwa muuza maziwa asiye na chombo cha kuyafikishia sokoni. Kwa hivyo katika mraba wa fursa yaandikwe tu yale ambayo mwandishi anaweza kuonyesha njia ya kuyafikia.

Vipi kuhusu programu za tarakilishi zinazotafsiri Kiswahili? Je, ziwekwe katika fursa au vitisho? Zinaweza kuwekwa kote kuwili, mradi kila upande upate sentensi yake. Ni kitisho kwa sababu mteja aliyekuwa akilipia tafsiri ya barua fupi sasa huipata bure. Ni fursa kwa sababu matini zinazozalishwa hivyo mara nyingi huwa na ngeli zilizovurugika na misemo iliyohamishwa neno kwa neno, na anayetaka kuzichapisha kwa heshima zake anahitaji mhariri.

Hata baada ya masahihisho yote hayo, lile tatizo la nyani bado halijaondoka. Mwamba ngoma huvutia kwake, na anayejaza miraba peke yake chumbani ataijaza kwa upendeleo, ama wa kujisifu ama, kwa wengine, wa kujidharau. Wanasaikolojia wawili Wamarekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walilishughulikia jambo hili mwaka 1955 kwa kielelezo chao kiitwacho Dirisha la Johari. Msomaji wa Kiswahili atadhani kwamba jina hilo linatokana na johari, yaani kito cha thamani; kumbe ni muungano wa majina yao ya utani, Joe na Harry. Bahati hiyo ya lugha inafaa kutunzwa. Dirisha lao pia lina sehemu nne, na moja kati ya hizo ni eneo la upofu: mambo ambayo wengine wanayajua kuhusu mtu ilhali mwenyewe hayajui. Njia ya kulipunguza eneo hilo ni kuuliza. Mwanafunzi wa mfano huu awape watu watatu karatasi tupu yenye miraba miwili ya juu pekee: aliyeshirikiana naye katika kazi ya kikundi, mhadhiri aliyesahihisha insha zake, na ndugu anayemjua nyumbani. Asiwaonyeshe yake kwanza. Yanayotajwa na watu wawili kati ya hao, naye hakuyaandika, ndiyo ya kuanzia. Mara nyingi hayatakuwa mabaya. Kidawida kingetajwa na ndugu huyo bila kusita.

Kisha inafuata hatua ambayo wengi hawaifikii. Mwaka 1982, Heinz Weihrich, profesa wa usimamizi, aliandika kwamba miraba minne haina faida ikibaki imetengana. Ni lazima ikutanishwe. Alipendekeza kila nguvu ikabiliwe na kila fursa, kila udhaifu na kila kitisho, na kadhalika, huku swali likiwa moja: mkutano huu unadai tendo gani? Uzoefu wa kuhariri ukikutana na kitisho cha programu za kutafsiri, unazaa kazi ya kurekebisha matini za mashine. Udhaifu wa kuchelewa ukikutana na fursa ya kuandikia magazeti, unazaa onyo, kwa maana mhariri wa gazeti hamsubiri mtu. Na udhaifu huo huo ukikutana na kitisho cha uhaba wa ajira, unaonyesha mahali penye hatari zaidi: ambapo nafasi ni chache, barua iliyochelewa siku moja haifunguliwi. Pengine katika mikutano yote inayowezekana miwili au mitatu tu ndiyo yenye uzito. Hiyo ndiyo ya kushughulikiwa, mingine iachwe.

Zana hii imekosolewa, tena na watu wa fani yenyewe. Mwaka 1997 Terry Hill na Roy Westbrook walichapisha uchunguzi kuhusu kampuni za Uingereza zilizoitumia. Walikuta orodha ndefu za maneno ya jumla, yasiyopangwa kwa uzito wala kuthibitishwa kwa ushahidi, na wakagundua kwamba baada ya kuandikwa orodha hizo hazikutumika katika hatua zilizofuata za mpango. Lawama hiyo inawafikia watu binafsi vilevile. Mambo manne katika kila mraba yanatosha. Anayeandika kumi na tano anajificha nyuma yake.

Ipo kasoro nyingine ambayo wasomi wa usimamizi hawana sababu ya kuijali, kwa kuwa haizihusu kampuni. Kampuni inaweza kulifunga tawi lisiloleta faida. Mtu hawezi kumfunga mama anayetarajia kwamba mshahara wa kwanza utamlipia mdogo wake karo ya shule ya upili. Jambo hilo liandikwe wapi? Si udhaifu, na kuliita kitisho ni utovu wa adabu, tena ni uongo, kwa sababu pengine mama huyo huyo ndiye aliyeuza ng'ombe ili mwanafunzi huyu afike chuoni. Zana ya kibiashara haina mraba wake. Afadhali liandikwe juu kabisa ya karatasi, nje ya miraba yote, kama sharti ambalo kila mpango utakaotoka chini yake lazima ulitimize. Ufadhili wa masomo ya uzamili ng'ambo usioacha hata shilingi ya kutuma nyumbani utaonekana mara moja kwamba haulitimizi sharti hilo, na mwenye karatasi ataamua, akijua anachokiamua, kama atauomba sasa au baada ya miaka miwili.

Baada ya yote hayo, karatasi ya mwanafunzi wa mfano huu haivutii macho. Ina maneno machache, mengine yamekatwa kwa kalamu, na chini yake kuna matendo mawili yenye tarehe. La kwanza ni kukamilisha kabla ya likizo tafsiri ya ngano tano za Kidawida alizosimuliwa na nyanya yake, ili awe na kitu cha kumwonyesha mchapishaji. La pili ni kuwasilisha kila kazi ya muhula huu siku mbili kabla ya makataa, na kumkabidhi mwenzake wa chumbani orodha ya tarehe hizo. Mwenzake ameibandika nyuma ya mlango.