Mlima Wenye Wenyeji

Basi la Dar es Salaam kwenda Arusha likisimama Mombo, abiria wengi hushuka kununua chipsi, kunyoosha miguu na kulaani joto, kisha hupanda tena kuwahi kaskazini. Wachache hubaki kando ya barabara na mabegi yao, macho juu ya ukuta wa mlima ulio mbele, wakingoja Coaster ya Lushoto. Lami ya kilomita 33 hivi hupanda kona kwa kona, ikapita Soni penye maporomoko ya maji, ikafika mjini Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyeondoka Mombo na fulana inayonata mgongoni huanza kuulizia sweta kabla hajapata chumba.

Hao wachache wamepiga hesabu.

Hesabu yenyewe inaanzia kwenye mlima ambao kila mtu anaujua. Mgeni wa kutoka nje ya Afrika Mashariki anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku 5 na usiku 4, kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni hutozwa dola 70 za hifadhi kila siku, dola 60 kwa kila usiku wa kulala kwenye vibanda, na dola 20 za uokoaji. Jumla ni dola 610. VAT ya asilimia 18 ikiingia, zinakaribia 720. Hapo hajala, hajamlipa mwongozaji wala wapagazi, na hajakodi hata koti. Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa ada ya hifadhi kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha, lakini mpagazi, chakula na nguo za baridi havitazami uraia wa mtu. Na akishateremka kutoka mita 5,895, ikiwa alitaka pia kuona maisha ya Wachaga, yaani mapango waliyojifichia wakati wa vita, mifereji yao ya maji na wahunzi wa Mamba, hiyo ni siku nyingine na malipo mengine. Sababu ni nyepesi: kule juu hakai mtu. Mlima uko kwake na utamaduni uko kwake, na mgeni anagharimia safari mbili.

Usambara Magharibi, yaani milima hii ya Lushoto, haina kilele cha kumtishia mtu. Hakuna sehemu inayofika mita 2,400, theluji hakuna, wala cheti cha kuning'iniza sebuleni. Kilichopo ni watu, kuanzia bondeni hadi kwenye kingo za juu kabisa. Njia anayokanyaga mpanda mlima ndiyo ya mwanafunzi anayewahi namba shuleni, ndiyo ya mama mwenye tenga la mapeasi kichwani, ndiyo inayopita nyuma ya jiko la fulani. Kuona mlima na kuona watu ni jambo moja, na hulipiwa mara moja.

Ndiyo maana kupanga safari ya huku hakuanzi na ramani. Kunaanza na siku za gulio. Gulio kubwa la Lushoto ni Jumapili, na dogo Alhamisi. Soni ni Jumanne, Mlalo na Sunga Jumatano, Bumbuli Jumamosi. Sikukuu huweza kuzisogeza, kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye gesti ni hilo, kabla hata ya kuuliza maji ya moto. Siku ya gulio magari ni mengi na nauli haina ubishi. Chakula ni kibichi na cha bei ya mkulima, na watu wa vijiji vyote vya jirani wako mahali pamoja. Mgeni aliyepita Sunga siku ya Ijumaa ameona vibanda vitupu. Aliyepita Jumatano ameona Usambaa nzima ikibishana bei.

Basi mpango mmoja mzuri ni huu: mtu afike Lushoto Jumamosi jioni, Jumapili azunguke gulioni asubuhi, na mchana atembee kilomita tano au sita hadi Irente, ambako mlima unakatika ghafla na tambarare ya Wamasai na mashamba ya mkonge vinaonekana chini kama mkeka. Pale jirani kuna shamba linalotengeneza jibini, jamu na mkate, na chakula cha mchana kinachouzwa hapo hakimtoi mtu jasho la mfuko. Huo ni mzaha wa siku ya kwanza, wa kuzoeza miguu.

Jumatatu ndiyo safari yenyewe inaanza. Njia inapanda kuingia msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Hapa kuna kiingilio, na mwananchi hulipa kwa shilingi. Huu ni msitu wa Tao la Mashariki, ule mnyororo wa safu 13 unaoanzia Taita, Kenya, na kuishia Udzungwa, ambao kwa mamilioni ya miaka umepata unyevu wa Bahari ya Hindi na kuzaa viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Mwongozaji mwenye jicho atamwonyesha mgeni kinyonga mwenye pembe mbili puani, na mara nyingi ataonyesha kwa kidole kutoka mbali, maana kinyonga hana marafiki wengi vijijini. Juu ya miti kuna mbega, weusi kwa weupe, wakitazama chini kwa dharau.

Jina la mbega lina ndugu yake katika historia ya hapa. Mbegha, mwasisi wa ukoo wa Wakilindi, anasimuliwa kuwa mwindaji kutoka Unguu aliyekimbia kwao kwa sababu alikuwa kigego, mtoto aliyeotesha meno ya juu kwanza. Alifika Usambara na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, na watu waliochoshwa na nguruwe wakamfanya mtawala. Simulizi hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika *Habari za Wakilindi*, mwishoni mwa karne ya 19. Mzao mashuhuri wa nasaba hiyo, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848 huko Vuga, na mwaka 1857 wakaja Burton na Speke. Vuga bado ipo, upande wa Soni. Kitabu kinasomeka ndani ya basi, hakina uzito, na kwa msafiri wa bajeti ndogo hakuna mwongozaji wa bei rahisi zaidi ya hicho.

Usiku wa kwanza ni Lukozi, mji wa kabichi na viazi. Malori hupakia hapa mboga ziendazo Dar es Salaam, na anayelala gesti ya barabarani atasikia injini hadi usiku wa manane. Si mahali pazuri sana kusema kweli. Lakini hapa ndipo mtu wa mjini anapoona kabichi yake ilikotoka na jinsi shamba lilivyo wima: mkulima akiteleza, anafika kwa jirani.

Jumanne ni Lukozi hadi Rangwi, mwendo wa mashamba na mabonde. Matuta yanayokingama njiani yana kisa chake. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, wakaanzia bonde la Mlalo. Kazi ilikuwa ngumu, ardhi ya wanawake na maskini ikavurugwa, na wakulima wakagoma. Hasira ile ikawa moja ya milango ambayo TANU iliingilia milimani. Mgeni anayeruka tuta huku akipiga picha anaruka ukurasa wa siasa za uhuru, na mzee yeyote aliyekaa barazani anaweza kumsomea, mradi asalimiwe vizuri kwanza. Huku salamu haina haraka. Anayejua kusema "onga mshi" mchana, hata kwa lafudhi ya Kariakoo, hupewa kigoda.

Rangwi kuna masista wa Kikatoliki ambao kwa miaka mingi wamewapokea wapita njia: kitanda safi, chakula cha moto, na bustani ambayo mtu hangeitarajia mahali hapo. Ni vizuri kupiga simu au kumwomba mwongozaji apige mapema. Wageni wakiwa wengi, wa mwisho kufika hana pa kulala, na kijiji cha pili kiko mbali.

Kisha Jumatano, gulio la Sunga, na jioni Mtae.

Mtae imekaa juu ya ukingo mwembamba, mlima ukiwa umeanguka pande zote mbili. Chini ni tambarare ya Mkomazi inayokwenda hadi Kenya, na siku ambayo mbingu imetakata, Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Mwenye bahati hulipata jua likizama. Mwenye bahati kidogo hupata ukungu unaopanda kutoka bondeni kama moshi wa jiko la kuni, na baridi ya kumfanya amshukuru aliyemlazimisha kubeba soksi za pili.

Sasa fedha. Matumizi makubwa hapa hayako mahali watu wanapoyatafuta. Chakula ni wali maharage, makande, ndizi, chai ya maziwa na chapati, hakimfilisi mtu. Gesti za vijijini ni za bei ya vijijini. Pesa huvuja kwenye nauli ya kufika Mombo na kwa mwongozaji, na zote mbili zina dawa. Nauli ya basi hulipwa kila kichwa, lakini anayetoka Moshi au Dar es Salaam akiwa na muda anaweza kutazama pia ratiba ya treni, ambayo tangu Desemba 2019 imerudi kupita katika bonde la chini ya milima hii, kwenye reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ni ya taratibu. Asiyekuwa na haraka ataifurahia.

Mwongozaji je, ni lazima? Barabarani, hapana, mtu anaweza kufuata njia ya magari hadi Mtae peke yake. Lakini ndani ya Magamba, na kwenye vijia vinavyogawanyika kila hatua mia, kumkwepa mwongozaji ni kubana matumizi mahali pasipofaa. Utalii wa kitamaduni wa Lushoto ni miongoni mwa miradi ya mwanzo ya aina hiyo nchini. Ilianza katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii ikishirikiana na shirika la Kiholanzi la SNV, na sehemu ya malipo ikatengwa kwa ajili ya maendeleo ya vijiji. Swali la kuuliza kabla ya kupeana mikono ni kama bei ni ya kila kichwa au ya kundi, kama inajumuisha kiingilio cha msitu, na nani anamlisha na kumlaza mwongozaji. Kila mmoja katika kikundi cha watu wanne waliokubaliana bei ya kundi hulipa robo ya alicholipa aliyekuja peke yake akijisifu kwamba anasafiri kwa bei nafuu. Na risiti iombwe. Vijana wanaojitokeza stendi wakijiita waongozaji wako wa kweli na wako wa kubahatisha, na risiti ndiyo huwatenganisha.

Kuhusu vitu vya kubeba, orodha ni fupi: sweta, koti la mvua, tochi, viatu vilivyokwisha kuvaliwa wiki kadhaa, na noti ndogondogo. Mawakala wa fedha za simu wapo kwenye miji na vijiji vikubwa, lakini muuza ndizi wa njiani hana chenji ya elfu kumi. Nguo za heshima pia. Waislamu ni wengi huku na Wakristo nao hawapendi kaptula fupi gulioni. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hugeuza vijia kuwa sabuni na mara nyingine huporomosha udongo barabarani. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini baridi ni ya kweli. Septemba hadi katikati ya Oktoba, kabla ya vuli, pengine ndiyo wakati mzuri kuliko yote.

Kanuni hii ya kuchagua mlima unaokaliwa haiishii Tanga. Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mtu anaweza kutembea kati ya maporomoko ya Sipi na mashamba ya kahawa bila kufika kilele cha mita 4,321. Na akienda Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, atakuta Wagisu wa upande wa Mbale katika imbalu, jando la hadharani, vijana wakicheza njiani siku nyingi kabla ya kisu. Hilo halina tiketi. Linahitaji tu kalenda na adabu.

Anayelala Mtae asimuulize mwenye gesti basi linaondoka saa ngapi asubuhi. Amuulize linaondoka saa ngapi usiku, kwa sababu la kwanza huwasha injini kabla hata alfajiri haijapambazuka, na konda hupiga honi kijiji kizima kikiwa gizani. Viti vya mbele huwa vimekwisha kuchukuliwa na akina mama wenye vikapu. Taa za basi zinamulika ukungu, mzigo unagongana juu ya keria, na barabara inaanza kushuka. Kabla ya saa sita mchana watakuwa Mombo, sweta ndani ya begi, wakinunua chipsi.