Kalamu ya Maseno

Wamisionari wa Kianglikana walipofungua shule Maseno, magharibi mwa Kenya, mwaka 1906, walitaka wasomaji wa Biblia. Wakapata pia wadai haki. Desemba 1921, vijana waliosomeshwa na misheni, Jonathan Okwiri akiwa miongoni mwa viongozi wao, walikusanya umati Lundha, Gem, kupinga kodi, kipande (kitambulisho cha lazima cha kikoloni) na kazi za shuruti. Vuguvugu lao likaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema.

Wapo wasemao kanisa liliuzima moto huo, kwa kuwa mwaka 1923 Arkidikoni Owen wa misheni hiyo alikigeuza chama chao kuwa cha ustawi wa walipa kodi. Hoja hiyo ina uzito: siasa zilipoa kweli. Kalamu, hata hivyo, haikurudishwa. Mwanasiasa Oginga Odinga alipitia Maseno. Mwandishi Grace Ogot, aliyesoma katika shule za misheni za Ng'iya na Butere, akaandika hadithi za Wajaluo kwa Kiingereza na kwa Kijaluo chenyewe.